Tunda Lililomkosa Baba

Mama alipofariki, kitu cha kwanza baba mdogo alichoniomba hakikuwa jeneza wala turubai la wageni. Aliniomba tunda. Alinivuta kando ya nyumba kule kwetu Matayos, mzee wa watu, fimbo mkononi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Mama hawezi kumtangulia mume wake kaburini. "Tutafute yago," akasema. "Tumlaze ndugu yangu kwanza asubuhi, mama yenu afuate mchana. Wewe ndiwe mkubwa, utuletee."

Wenzangu mliokulia pande zetu hamhitaji maelezo. Kwa aliyekulia kwingine, yago ni lile tunda refu, zito, linaloning'inia kwenye mti kwa kikonyo kirefu kama kamba, ambalo wengine huliita tunda la mvungunya. Kwetu, na kwa majirani zetu Wajaluo, mtu akipotea na mwili wake usipatikane, hilo tunda ndilo hulazwa kaburini badala yake. Linafunikwa blanketi, linaliliwa, linaitwa kwa jina la mtu huyo, na tangu siku hiyo amekufa kweli.

Nilimjibu baba mdogo, "Sawa, mzee." Lakini pua yangu ilikuwa imeshaondoka pale. Nilisikia ile harufu ya yago bichi, kama boga lililokatwa likalala kwenye sufuria hadi asubuhi, na sikuwa nimeisikia tangu nikiwa na pengo la meno ya mbele. Hapakuwa na tunda lolote karibu. Nilishika ukuta.

Baba alikuwa gadi wa gari moshi la mizigo. Vijana wa leo hawajui gadi ni nani, lakini sisi tuliolelewa kwenye kwota, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, kule Malaba mpakani, tulijua kwamba dereva ni mtu wa mbele tu. Mwenye gari ni gadi. Anakaa behewa la mwisho na filimbi yake na bendera zake mbili. Akiinua nyekundu, hakuna anayekwenda popote. Akiinua kijani na kuishusha, ndipo gari zima na kelele zake zote linapoondoka. Nilimwona Baba kama mtu anayeiamuru dunia, na mimi aliniita Abiria. "Abiria wangu amekula?" ndilo lilikuwa neno lake la kwanza akifika mlangoni, hata kabla ya kumsalimia Mama.

Wafanyakazi wa reli wakienda likizo walikuwa wanapewa pasi ya kusafiri na jamaa zao. Pasi za Baba zilikuwa zinapotea bure. Likizo zake zote aliishia Matayos, akimlimia mama yake, yule nyanya yetu tuliyemwita Kukhu. Mwaka ule Mama akakataa. "Nimeolewa na mtu wa reli," akamwambia, "na sijui hata reli yenyewe inaishia wapi." Baba akacheka, akakubali. Mimi nilidhani Mama anataka tu kutembea. Sasa ndiyo naelewa. Siku zile ng'ambo ya mpaka, Uganda, mambo yalikuwa yamechafuka, watu walikuwa wanavuka kuja kwetu na magodoro vichwani, na Baba akiwa zamu ya kwenda kule Mama alikuwa halali. Alitaka angalau wiki hizo chache amwone mume wake mahali ambapo mpaka hauko karibu.

Tukaenda Nairobi, Baba, Mama, mimi na mdogo wangu Wandera, ambaye wakati huo alikuwa ametoka tu kujifunza kutembea. Siyakumbuki majumba. Nakumbuka bustani.

Ilikuwa bustani ya jiji, yenye nyasi zilizokatwa vizuri hata Mama akauliza kama tunaruhusiwa kuzikanyaga. Tulitandika leso chini ya mti mkubwa. Tulikuwa na mkate, mayai ya kuchemsha na njugu, na soda tulizoshika kwa mikono miwili ili zisiishe. Baba alivua viatu. Hilo kwangu lilikuwa ajabu kubwa kuliko jiji lenyewe, maana miguu ya Baba niliijua ndani ya buti tu. Ilikuwa myeupe vidoleni, imekunjamana, na aliichezesha juani kama vile hata yeye alikuwa hajaiona siku nyingi. Halafu akalala chali, kofia usoni, mchana kweupe, kati ya watu. Sikuwahi kumwona mtu mzima amepumzika kiasi hicho. Mama alimwangalia, akaanza kuimba kidogo kidogo wimbo wa kanisani kwao huku akimenyea Wandera njugu.

Juu yetu mti ulikuwa umening'iniza matunda yake. Mimi nilidhani ni mizigo ya watu, kwamba huku Nairobi mtu akija bustanini anatundika mzigo wake juu ili asiibiwe. Nikamuuliza Baba mzigo wetu tutautundika wapi. Kofia ikatingishika kwa kicheko.

"Hayo ni mayago, Abiria. Hata nyumbani yapo."

"Na ya nini?"

"Ya kuangalia tu," akasema, na Mama akamtupia jicho.

Mfagiaji mmoja alipita na toroli lake, akasimama. "Mzee, hapo usilale. Hiyo kitu ikianguka inavunja kichwa ya mtu." Baba akamshukuru, asitikisike. Mama akasema tuhame. Baba akasema, "Mama Abiria, nimelala kwenye behewa na mzigo wa simiti juu yangu. Tunda litanifanya nini?"

Kilichomwamsha ni sisi. Wandera alianza kulia, na Baba, ili kumnyamazisha, akaamka akasema tucheze gari moshi. Mimi nikawa injini, Wandera behewa, ameshika gauni langu nyuma. Baba alipanga vidole mdomoni akapiga mluzi, mkali kama filimbi yake ya kazi, hata watu wakageuka. Lakini hakuwa na bendera. Akachuma kitawi cha majani, hiyo ikawa kijani. Kwa nyekundu akamnyang'anya Mama kitambaa chake cha kichwa, ambacho kilikuwa chekundu hasa, kipya, cha safari.

"Nirudishie kitambaa changu," Mama akasema, mikono kichwani. "Watu wataniona nywele."

"Gari haliwezi kwenda bila nyekundu. Ni sheria."

Akainua kitawi, akakishusha. Tukaondoka, mimi nikitoa moshi kwa mdomo, Wandera akianguka na kuinuka. Tulikuwa hatujafika mbali tuliposikia kishindo nyuma. Nilipogeuka, tunda moja lilikuwa limelala kwenye leso, pale pale kichwa cha Baba kilipokuwa. Lilikuwa dogo kuliko mengine, kimo cha mtoto mchanga. Leso ilikuwa imebonyea chini yake, na kikonyo chake kilikuwa bado kinatetemeka.

Baba aliliangalia. Akaliangalia na shimo dogo ardhini. Halafu akacheka, lakini alichelewa kidogo kucheka. "Limenikosa," akasema.

Mama hakucheka. Alikusanya mayai, chupa, mtoto. Mimi nikalipenda lile tunda. Lilikuwa zito na baridi, na lilinukia shamba, na sikuwa na doli. Nikaomba niondoke nalo. Mama akasema hapana. Baba akasema, "Mwache. Hili ni yago la Nairobi, halijui mila za mtu." Akanifungia mgongoni kwa leso kama mama mwenye mtoto, na nilipochoka akalibeba yeye. Njia yote ya kurudi Malaba, kwenye gari moshi, nililipakata nikilibembeleza. Mama aliangalia dirishani.

Tulipofika kwenye kwota tulimkuta Kukhu. Alikuwa amekuja kutungoja, amekaa mlangoni na kuku wake kwenye kikapu. Aliinuka kutupokea akitabasamu, akaona kilicho mgongoni mwangu, tabasamu likaisha.

"Mumebeba nani huyo?" akauliza.

Baba akamwambia, "Mama, ni doli ya mtoto."

"Nimeuliza ni nani. Nani amepotea kwa hii nyumba?"

"Hakuna, Mama. Sisi wote tuko hapa. Tuhesabu."

Kukhu hakuhesabu mtu. Alisema yago haliingizwi kwenye nyumba ya watu wazima wa afya, likiingia litatafuta wa kumshikia nafasi. Baba alikuwa mtoto wake, asingeweza kubishana naye mlangoni. Alilifungua mgongoni mwangu, akalitupa kwa nguvu ng'ambo ya ua, upande wa reli. Nililia mpaka nikapaliwa. Kesho yake, wakubwa wakiwa kanisani na mimi nikisingizia tumbo, nilipita chini ya ua nikalitafuta kwenye nyasi. Nyuma ya kwota kulikuwa na rundo la mataruma, yale magogo ya zamani ya reli yaliyong'olewa. Nikalificha humo ndani, nikalifunika gunia.

Likizo ikaisha. Baba akavaa buti.

Siku aliyoondoka haikuwa na alama yoyote, na hilo ndilo linalonitesa mpaka leo. Alikula ugali na omena. Alilalamika kifungo cha koti. Mama alikishona akiwa amelivaa, akakata uzi kwa meno. Nilisimama uani kama kawaida kuona gari likivuka kwenda ng'ambo, na behewa la mwisho lilipopita alinipungia. Jioni gari lilirudi. Behewa la mwisho lilikuwa halina mtu.

Dereva alikuja mwenyewe nyumbani, kofia mkononi, akakataa kukaa. Alisema stesheni ya ng'ambo watu wenye bunduki walimshusha gadi. Walimwambia ni maswali kidogo tu. Waliamuru gari liondoke, na yeye dereva aliondoka bila kijani, jambo ambalo hajawahi kulifanya maisha yake yote. Alilirudia hilo la kijani mara nyingi kuliko yote mengine, mpaka Mama akamwambia aende akapumzike.

Hayakuwa maswali kidogo. Baba mdogo alienda mpaka geti la Busia na la Malaba, akauliza madereva wa malori, akauliza wafanyabiashara waliokuwa wakivuka. Kila mtu alikuwa na habari na hakuna aliyekuwa na Baba. Mvua za kupanda zikaja, zikaenda. Kukhu akaja kwenye kwota na baba mdogo, wakaketi na Mama sebuleni. Mimi nilikuwa chini ya meza na Wandera, maana nyumba ile haikuwa na pengine pa kukaa.

"Mwanangu," Kukhu akamwambia Mama, na sauti yake haikuwa na ugomvi hata kidogo. "Analala nje. Tumlaze."

"Mumlaze nani?" Mama akauliza.

"Tutafute yago."

"Sizikiwi tunda. Mume wangu ana kazi, na likizo yake imeisha. Yuko kazini."

Baba mdogo akaanza kusema kitu. Mama akamkata. "Shemeji, niambie. Mtu akizikwa yago halafu arudi, ataingilia wapi? Si mtamkatalia getini? Si mtasema huyu ni maiti?" Ndivyo ilivyo kwetu. Aliyekwisha kulazwa hana mlango tena katika boma lake. "Basi mimi sitamfungia mtu mlango," Mama akasema.

Kukhu alilia. Akasema, "Yago ndiye yeye. Tukililaza tumemlaza yeye. Hatutaki kingine."

Hayo ndiyo niliyoyasikia chini ya meza, na nikayachukua kama yalivyo. Yago ndiye yeye. Wakubwa walikuwa wanahangaika wanamtafuta Baba mpaka mipakani, na mimi nilikuwa naye nyuma ya nyumba, chini ya gunia. Moyo ulinidunda kwa furaha. Nilielewa na kwa nini lilianguka pale pale alipolala. Nilielewa na kwa nini Mama hapendi wamzike, maana nani anazika mtu ambaye anaweza kutunzwa? Sikumwambia mtu, kwa sababu nilijua Kukhu akijua tu, atamchukua akamweke ardhini.

Basi nikaanza kumtunza. Kila nikitoka shule nilipita kwenye mataruma. Nilimpelekea kipande cha ugali, nikamweka na mboga. Asubuhi chakula hakikuwapo, na hilo lilinithibitishia yote. Mbwa wa pale kwota sikuwafikiria. Nilimweleza mwalimu amesema nini, Wandera ameota jino gani. Jioni gari lilipopita na gadi mpya akatupungia kwenye behewa la mwisho, nilimwambia Baba asijali, huyo anamshikia tu nafasi. Siku zilivyokwenda alianza kubadilika. Ngozi ilikunjamana, rangi ikageuka, akawa mwepesi. Niliogopa kwamba anakonda. Nikawa namletea chakula changu chote, mimi nikashinda na maji. Usiku, kitandani, nilisikia mluzi upande wa reli, ule wa vidole mdomoni. Nausikia mpaka leo. Daktari mmoja aliniambia ni masikio tu. Sawa, ni masikio.

Mama aligundua kwa sababu na mimi nilikuwa nakonda. Alinifuata mchana mmoja kwa kimya. Nilikuwa nimepiga magoti, ugali mkononi.

"Unaongea na nani?"

"Na Baba," nikamwambia.

Nilingoja kofi. Mama alisimama pale muda mrefu, akimwangalia yule aliyekuwa kwenye gunia, na uso wake sikuweza kuusoma, na bado siwezi. Alikuwa amelitambua tunda. Kisha akaketi juu ya taruma, polepole, kama mtu aliyebeba ndoo kichwani.

"Amesema nini?" akaniuliza.

Sikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo. Baba hakuwahi kusema kitu. Lakini mawingu yalikuwa yameshuka upande wa Uganda na upepo ulikuwa umeanza, nikasema kilichonijia. "Amesema kuna baridi."

Mama akafungua kitambaa chake kichwani, kile chekundu cha Nairobi, akakitandaza mapajani. Akalichukua tunda kwa mikono miwili, akalizungushia kitambaa, akalikumbatia. "Basi asikae nje na hii mvua," akasema. Tukaingia ndani pamoja.

Kesho yake nilipouliza yuko wapi, alinijibu kwa ukali kwamba lile si Baba, lile ni tunda, Baba yuko safari, na niende nikateke maji. Hatukuzungumza tena habari hiyo. Nilidhani alilitupa. Kitambaa pia sikukiona tena kichwani mwake.

Tulitolewa kwenye kwota. Mama akapanga chumba Busia, karibu na malori yanapolala, akawa anawapikia madereva chai na maharagwe, na kila dereva aliyetoka ng'ambo yeye alimuuliza swali moja, kama amemwona Baba. Kukhu alifariki bila kumlaza mwanawe. Baba mdogo aliendelea kuja, mwaka baada ya mwaka, kwa upole na kwa hasira, na Mama akaendelea kumuuliza lile lile: ataingilia wapi? Nami nilipokua, nikasoma, nikapata kazi Nairobi, nilikuwa upande wa baba mdogo. Nilimwona Mama mkaidi. Nilimpenda na alinichosha. Bustani ile nimepita kando yake kwa gari maisha yangu yote na sijawahi kuingia.

Sasa Mama naye alikuwa amelala sebuleni Matayos, na mimi nimetumwa tunda. Kabla sijaondoka, akina mama waliokuwa wakimwosha waliniambia niwaletee nguo za kumvisha. Nikafungua sanduku lake la bati. Nilitoa gauni, nikatoa sweta, nikatoa shuka za harusi ambazo hakuwahi kuzitandika. Chini kabisa kulikuwa na kitu kimefungwa kitambaa. Kwa nje kitambaa kilikuwa kimepauka kama chai ya maziwa. Ndani ya mikunjo kilikuwa bado chekundu.

Sikukifungua. Nilijua kwa uzito wake, yaani kwa kukosa uzito. Nikaketi sakafuni nikalia kwa sauti, akina mama wakadhani ninamlilia marehemu tu. Miaka yote ile hakuwa amemzika na hakuwa amemtupa. Alikuwa naye.

Nilimpelekea baba mdogo. Alishangaa. "Umelitoa wapi haraka hivi?"

"Lilikuwa nyumbani, mzee."

Akalipapasa kwa vidole vyake vya uzee. "Hili ni la zamani."

"Ni la tangu tukiwa na Baba Nairobi."

Aliegemea fimbo yake. Nikamshika akaketi. "Kumbe alikuwa naye humu ndani," akasema. "Na mimi namgombeza." Alifuta macho kwa kiganja. Baadaye akasema tulilaze vilevile, na kitambaa chake. Hapo nikakataa. Nyekundu si rangi ya kumfungia mtu anayeondoka. Nilikikunjua mwenyewe, nikalifunika tunda blanketi, na kitambaa nikamrudishia Mama. Tulimfunga nacho kichwani, nywele zote zikafunikwa.

Tulimlaza Baba asubuhi, na mchana tukamshusha Mama kando yake. Watu walikuja na matawi ya majani mikononi, kama tunavyofanya kwetu, wakiyatikisa na kuimba wakizunguka makaburi. Na mimi nilipewa langu. Nilisimama pale nikiwa nimemzidi Baba umri, nikiogopa kama mtoto, kwa sababu kijana aliyekuwa upande wa pili na koleo alikuwa anangoja tu, na mara udongo ukianza hakuna mlango tena. Wimbo ulipoisha nililiinua tawi juu, nikalishikilia, kisha nikalishusha.

Mdogo wangu Wandera, ambaye hakumbuki chochote cha siku ile bustanini, aliniangalia. Akainua na lake.